Platini Chini ya Kitanda

Ningeweza kumwambia yule askari hapana. Ni neno fupi, na siku ile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Badala yake nilivua koti langu la mvua, nikampa, naye akaniachia mlangoni platini ya rafiki yangu, ile mashine ya kuchezea santuri, pamoja na santuri moja iliyokuwa bado ndani ya jalada lake.

Zilikuwa siku za vita ya kwanza. Waasi walikuwa wanakaribia Goma, na askari wa serikali, kabla ya kukimbia, walipita nyumba kwa nyumba wakibeba kila walichoweza kubeba. Huyu aliyefika kwangu alikuwa kijana, amelowa mwili mzima, mashine ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

"Papa," aliniambia, "hii kitu ni muzito na mi niko na safari mrefu. Nipe koti, ubakie nayo."

Nilitazama kifuniko. Kwenye pembe ya kushoto palikuwa na alama nyeusi ya ncha ya pasi. Mke wa rafiki yangu aliweka pasi ya makaa hapo siku moja akidhani ni meza. Goma nzima hapakuwa na platini nyingine yenye alama ile. Nilijua ni ya nani kabla askari hajanyamaza.

Nilijiambia kwamba nikikataa ataitupa mtaroni au ataivusha mpaka, na rafiki yangu hataiona tena. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba mwenyewe akirudi nitamkabidhi mkononi. Hilo nalo nililiamini, kwa muda wa saa nne hivi.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa karani kwenye depo ya kahawa. Rafiki yangu alikuwa mpima ardhi, mtu wa upande wa Bukavu, ambaye hakukosa misa ila akiwa na homa, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Wa tatu wetu alikuwa fundi wa redio, mwembamba mpaka vidole na mtu wa maneno machache. Mama yake alitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edward. Mji mzima ulicheza rumba. Sisi tulipenda roki, ile ya zamani, ya wazungu wenye nywele ndefu na magita yanayolia kama msumeno kwenye mbao mbichi. Santuri zetu kumi na moja zilitoka kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyerudi kwao akaacha sanduku zima jikoni. Mpishi wake alitaka sanduku ili aatamishie kuku. Vilivyokuwa ndani alitupatia sisi, akashukuru kwamba tumemwondolea takataka.

Tuliitana kwa vyombo vya muziki. Mpima ardhi alikuwa Batri, yaani zile ngoma nyingi zinazopigwa na mtu mmoja, kwa sababu hakuweza kukaa karibu na meza bila kuigonga. Fundi alikuwa Solo, gita la mbele. Mimi nilikuwa Besi. Nilipenda lile gita nene la chini ambalo watu wengi hawalisikii mpaka linyamaze, na wenzangu walinicheka kwa hilo.

"Besi ni kama bwana harusi," mpima ardhi alisema. "Lazima awepo, lakini nani anamuangalia?"

Kila Jumapili, baada ya misa ya pili, tulikutana barazani kwake, Katindo, si mbali na kambi ya askari. Mke wake alileta sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, sisi tulileta kasiksi, pombe ya ndizi. Umeme ukiwepo tulisikiliza. Usipokuwepo tulizungumza, na nadhani nusu ya raha ilikuwa humo. Fundi alipima urefu wa solo, pale gita la mbele linapolia peke yake, kwa saa yake ya mkono.

"Dakika ine na nusu," alitangaza siku moja.

"Na yule wa wiki iliyopita?"

"Tatu na kidogo."

"Basi huyu wa leo ndiye mukubwa!"

"Kusema mingi si kusema muzuri, Batri. Ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa gavana."

Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mpima ardhi alishikilia kwamba ni wa mtu aliyeachwa na treni. Mimi nilisema ni wa mtu aliyefiwa na farasi. Tulibishana juu ya wimbo huo miaka miwili.

"Treni gani inaliliwa hivi?" niliuliza.

"Na farasi gani analiliwa dakika saba?"

Mke wake akapita na sahani. "Huyo mutu ana njaa tu," alisema. "Mumupe chakula, atanyamaza."

Tulikuwa na sheria moja, nayo ilizaliwa kwa ugomvi. Fundi alipata santuri mpya siku ya Alhamisi, akaisikiliza peke yake kwenye karakana. Jumapili, wimbo ukiwa katikati, akainua kidole na kusema, "Ngojeni, sasa inakuja!" Na kweli, ngoma zikapasuka. Mpima ardhi aliinuka, akatoka uani, akakaa juu ya jiwe akiwa ametugeuzia mgongo. Aliporudi hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni.

"Mutu hawezi kurudishiwa mara ya kwanza," alisema.

Kuanzia siku hiyo tukagawana. Platini ilikaa kwa mpima ardhi, santuri zilikaa kwa fundi, na sindano ilikaa kwangu. Ile sindano ilitoka pamoja na kichwa chake kidogo, nami niliiweka juu ya pamba ndani ya kibati cha dawa, mfukoni mwa shati. Santuri mpya ilisikilizwa na watu watatu kwa mara ya kwanza, au haikusikilizwa kabisa. Watu wengine wangeona ni mchezo wa watoto. Sisi tuliishika sheria ile kuliko tulivyoshika Kwaresima.

Sasa turudi kwenye vita. Wiki mbili kabla ya mji kuanguka, shemeji wa mpima ardhi alifika kutoka Kinshasa na santuri ya kumi na mbili. Ilikuwa ya kundi tulilolisikia kwa jina tu. Jumapili ya kwanza risasi zililia, kila mtu akabaki kwake. Jumapili ya pili mpima ardhi alikuwa amekwisha kukimbilia Minova na familia yake. Santuri ilibaki juu ya platini, haijaguswa na sindano. Askari alivichukua vyote viwili pamoja.

Kwa hiyo mimi, siku ile, nilikuwa na mashine mezani, santuri mpya mkononi na sindano mfukoni. Mke wangu alikuwa amekwenda na watoto kwa wazazi wake. Mvua ilikatika. Mnamo saa tisa umeme ulirudi, na taa ya ukumbini ikawaka.

Nilijiambia nijaribu tu kama mashine haikuharibika. Ilikuwa platini ya sanduku, spika yake ndani ya kifuniko. Niliteremsha sauti mpaka nikalazimika kuegemeza sikio.

Besi ilianza peke yake. Hapakuwa na ngoma wala gita. Katika zile santuri kumi na moja hatukuwahi kusikia besi ikianza peke yake, na ilitembea hivyo, polepole, kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake akijua kila jiwe, kabla ngoma hazijaingia. Niliinuka. Niligeuka ili nimwambie mtu: mnaona? Si nilisema?

Ukumbini hapakuwa na mtu.

Nilisikiliza upande wa kwanza, nikageuza, nikasikiliza wa pili. Kisha nikarudia. Usiku haujaingia nilikuwa nimeifunga mashine kwa shuka na kuisukuma chini ya kitanda.

Mpima ardhi alirudi baada ya majuma matatu, mji ukiwa na wakubwa wapya. Alipitia kwangu kabla hata ya kufungua madirisha ya nyumba yake yote. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba cha kulala.

"Besi, bameichukua," alisema.

"Nini?"

"Masini. Na ile disiki." Aliutazama mkono wake. "Masini si kitu, nitapata ingine. Lakini ile disiki hatujaisikia, mon vieux. Hata kidogo."

Kutoka kiti chake hadi kitandani palikuwa na hatua nne. Ningeweza kufungua mlango. Kuhusu mashine ningeweza kusema ukweli wote bila aibu, hata angenishukuru. Lakini swali lake la pili lingekuwa kama nimeisikiliza, na mimi siwezi kuficha. Wenzangu walijua kwamba wimbo nikishaujua, mguu wangu hutangulia besi. Angeweka sindano, angetazama mguu wangu, angejua. Nikafikiri: ngoja nisubiri kidogo, niisahau ile santuri, kisha nitairudisha kama vile sijawahi kuisikia. Ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima mwenye miaka arobaini na kitu.

"Na koti yako iko wapi?" aliniuliza alipoona natoka nje kwenye manyunyu bila kitu.

"Waliichukua," nilisema.

Kesho yake aliniletea lake la pili, la kijani, zito. "Vaa," alisema. "Wote wawili tumeibiwa, lakini mimi nina makoti mawili."

Nilivaa.

Baada ya siku chache mpima ardhi alianza kuhesabu kilichobaki nyumbani kwake, na hesabu ile ilimsumbua. Sufuria zilikuwepo. Saa ya ukutani ilikuwepo. Zilikosekana blanketi, platini na ile santuri tu. Akaanza kusema kwamba askari mwenye akili ya blanketi hajui platini ni nini, na kwamba anayejua platini ni nani? Fundi hakuwa amekimbia. Alibaki mjini kulinda karakana. Na juu ya meza ya karakana palikuwa na kipande cha waya cha rangi ileile ya waya wa mashine.

Jumapili ile tulikaa barazani wote watatu, bila muziki. Hakuna aliyegusa sambaza.

"Waya kama huu uko kwenye pasi ya kila nyumba," fundi alisema. "Batri, ni mimi unaniuliza hivi?"

"Nauliza tu."

"Hapana. Hauulizi."

Mpima ardhi alinigeukia. "Besi, wewe ulibaki mujini. Ulimuona na kitu?"

Nilisema, "Sijui."

"Haujui ama hukuona?"

"Sijui."

Fundi aliweka glasi yake chini. Alinitazama mimi, si yule aliyemshtaki. "Besi," alisema, "unajua mikono yangu. Sema basi."

Nilitazama kiatu changu. Ukimya wangu ulifanya kazi yote. Kesho yake asubuhi mpima ardhi aliikuta katoni ya santuri kumi na moja kwenye ngazi ya baraza, zimepangwa kwa mpangilio wake wa kawaida, zimefungwa kamba. Fundi hakubisha hodi. Kabla ya Pasaka alifunga karakana, akapakia vifaa vyake kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi kituo cha malori, akaenda Vitshumbi kwa watu wa mama yake. Tulisikia ananunua samaki wa chumvi. Tulisikia pia kwamba maneno yalimfuata huko: fundi aliyewaibia rafiki zake wakati wa vita.

Tulibaki wawili. Uasi wa pili ulikuja, bendera ikabadilika, mshahara wa depo ukakoma kwa miezi, na bado tulikutana Jumapili. Kwa kuwa hapakuwa na mashine, tulipiga kwa midomo. Yeye aligonga meza, mimi nilivuma besi. Mahali pa gita la mbele tulipaacha wazi. Tulifika pale, tukahesabu kimya, tukaendelea.

Alipenda kuzungumza juu ya santuri ya kumi na mbili. Aliitunga kichwani. "Mi nafikiri upande wa pili unaanza pole," alisema. "Halafu gita inaingia kama mvua ya mawe." Nilijua kwamba upande wa pili hauanzi pole hata kidogo. Nilitikisa kichwa nikasema labda.

Jumapili moja nilikuwa namenya karanga, mawazo yako mbali, nikaanza kuvuma. Sikutambua ninavuma nini mpaka aliposimamisha mkono.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Imenijia tu," nilisema.

"Imekujia?" Alitabasamu. Alifurahi kwa ajili yangu, kweli kabisa. "Kumbe una kichwa! Vuma tena."

Nilivuma tena, ningefanya nini? Alisikiliza amefumba macho, kisha vidole vyake vikaanguka juu ya meza.

"Mi ningeingia hapa," alisema.

Ni palepale ngoma zinapoingia kwenye santuri. Nilisingizia tumbo, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama nimeegemea ukuta wa mawe meusi mpaka nilipoweza kurudi.

Baada ya siku ile sikuisikiliza tena. Mashine ilibaki chini ya kitanda na mke wangu alifagia kuizunguka. Aliniuliza mara moja tu itakaa hapo mpaka lini. Nikamjibu, mpaka wiki ijayo.

Halafu volkano ikatoka. Tangu asubuhi ardhi ilitetemeka na moshi ulisimama juu ya mlima. Mchana watu wa juu walianza kushuka na vitanda vichwani, wakisema moto umefika uwanja wa ndege, unaingia mjini. Nyumba yangu ilikuwa chini kidogo ya uwanja. Mke wangu aliwachukua watoto, wakaenda na umati upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilibaki nyuma kutoa vitu. Majivu yalianguka kama unga wa mihogo, nikavaa koti la kijani.

Watu wote walikuwa wanashuka. Mtu mmoja tu alikuwa anapanda, anawasukuma kwa mabega. Alikuwa ametoka Katindo, ambako moto haukufika, akaja kwangu kwa miguu.

"Besi!" alipiga kelele kutoka barabarani. "Unangoja nini, moto ikubishie hodi?"

Nilikuwa nafunga maharage. Akanipita ukumbini. "Godoro kwanza," alisema, "godoro ni ghali."

"Acha chumba," nilimwambia. "Tubebe hivi vya huku."

Alikuwa amekwisha kuingia. Nilisikia kitanda kikiburutwa. Kisha sikusikia kitu.

Alitoka na sanduku mikononi. Shuka lilikuwa linaning'inia. Alama ya pasi ilikuwa upande wangu, na juu ya kifuniko ilikuwa santuri ya kumi na mbili.

"Twende," alisema.

Alibeba yeye. Mimi nilibeba maharage na sufuria. Tulikata upande wa magharibi pamoja na umati. Nyuma yetu mapipa ya mafuta yalikuwa yanalipuka moja moja, na kila yalipolipuka watu walipiga magoti kisha wakakimbia. Mara mbili nilitaka kupokea mzigo, mara mbili aligeuza bega. Tulipofika kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara, akaitua mashine juu ya jiwe la kando ya barabara, taratibu, kama alivyoitua siku zote.

"Uliisikiliza?"

"Ndiyo."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

Alitazama watu wanavyopita. "Na ile ya kuvuma," alisema. "Iliyokujia."

Nilitua maharage chini.

"Na Solo?" Sauti yake haikupanda. "Mutu anakaa Vitshumbi miaka yote hii na jina la mwizi, na wewe unakula sambaza kwangu."

Nilianza kuvua koti nimrudishie. Aliinua mkono.

"Kaa nayo. Majivu bado yanaanguka."

Akaondoka kuelekea Katindo. Mgongo wake ulikuwa mweupe kwa majivu, na kwa muda niliweza kuuona kati ya migongo mingine. Usiku ule moto ulipita juu ya nyumba yangu. Niliporudi, mlango ulikuwa chini ya mwamba unaofuka moshi, na mimi nilikuwa na maharage, sufuria tatu na platini isiyo yangu.

Mpima ardhi hakuja tena, na mimi sikwenda. Mwaka ule haujaisha nilisikia ameuza kiwanja na kwenda Vitshumbi. Alikwenda kuomba msamaha kwa niaba yake mwenyewe. Waliomjua walisema alipiga magoti mbele ya kibanda cha samaki, watu wakiangalia, na fundi akamwambia ainuke kabla hajachafua suruali. Alibaki huko. Nadhani alikuwa amechoka na mji ambao ungempitisha mlangoni kwangu.

Nilijenga tena, nyumba ya mbao juu ya mwamba. Watoto walikua, wakaenda mbali. Miaka ilipita kabla sijapata ujasiri mdogo. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akija na malori ya Vitshumbi. Nilimpa platini, santuri ya kumi na mbili na barua. Kwenye barua niliandika kila kitu nilichokiandika hapa, mpaka siku ile. Sindano ilibaki mfukoni mwangu. Sikuizuia kwa makusudi. Ilikaa hapo kwa mazoea, kama rozari.

Mwezi uliofuata mama yule alinitafuta sokoni.

"Papa, balipokea," alisema. "Yule mukubwa alisoma barua kwa sauti, yule mwembamba akasikiliza. Halafu mwembamba akafungua ile masini, akacheka. Akasema: iko wapi sindano?"

"Nitakupa umpelekee."

"Hapana, ngoja. Mukubwa akasema hivi: mwambie sindano haitumwi. Sindano inakuja na mwenyewe." Akanipa karatasi yenye nambari ya simu. "Nifikishe jibu gani?"

"Waambie nakuja," nilisema.

Ilikuwa kiangazi, barabara nzuri. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno, ili nisiende mikono mitupu. Baada ya mavuno goti liliniuma. Kisha nikaona aibu kufika nimechelewa hivyo, na aibu ikanichelewesha zaidi. Simu ilikuwepo, nambari nilikuwa nayo, sikupiga hata mara moja. Kisha waasi wengine wakashika barabara ya Rutshuru, njia ya Vitshumbi, na malori yakasimama. Ilipofunguliwa mke wangu alikuwa mgonjwa, kisha akafariki. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini kabla yake nilikuwa na misimu minne isiyo na sababu yoyote. Volkano ilitoka tena, ikasimama karibu na Munigi, na tulipokimbilia Sake nilibeba kibegi, picha ya mke wangu na kibati cha dawa. Nikaapa kwamba tukirudi salama nitapanda lori la kwanza. Tulirudi salama. Sikupanda. Halafu barabara ikafungwa tena na waasi, na safari hii kwa muda mrefu.

Mama wa samaki nilimwona tena akiwa amekimbia, amekaa chini ya hema Munigi, hana samaki. Nilimuuliza habari za wazee wawili.

"Batu wa makelele?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Papa, hukusikia? Mwembamba alitangulia, ni kifua. Mukubwa hakumaliza mwaka."

Nilikaa chini.

"Kila Jumapili balikuwa banatoa ile masini yao nje," aliendelea. "Banapangusa vumbi, banabishana, banafunga. Siku moja nikabauliza, hii kitu itaimba lini? Yule mukubwa akasema inangoja mutu."

"Na sasa iko wapi?"

"Nani anajua, papa? Kijiji kilikimbia chote."

Sasa nakaa peke yangu. Vijana wa jirani wana muziki wote wa dunia kwenye simu. Mmoja wao, kwa wema, alinitafutia ile santuri ya kumi na mbili, akanisogezea simu sikioni. Besi ilianza peke yake. Mguu wangu ulitangulia. Nilimrudishia simu kabla ngoma hazijaingia, nikamshukuru, nikasema masikio yangu ni ya kizee.

Nilimpa askari koti nikapokea mashine, na uamuzi ule ulinigharimu marafiki wawili niliokuwa nao duniani. Mmoja nilimwacha aitwe mwizi kwa kitu nilichokuwa nacho mimi. Mwingine nilimnyima mara ya kwanza, na alikufa bila kuisikia santuri yake. Walinisamehe, wakaningoja, sikwenda. Wamezikwa Vitshumbi na sijui makaburi yao yako upande gani.